Chapa ya Kwanza

"Kimetoka," alisema Zbyněk, na kabla dada yake hajauliza ni nini kilichotoka, kengele ya stesheni ililia ndani ya kijumba. Drahomíra, au Draha kama alivyoitwa na wengi, akamwacha kizingitini na fimbo yake nyeupe, akakimbilia hendeli ya mageti.

Akazungusha. Mageti mawili, moja kila upande wa barabara, yakashuka kwa kusitasita kama ng'ombe wazee wanaopiga magoti. Trekta lenye tela la samadi likasimama, dereva akazima injini na kuwasha sigara, kwa kuwa alimjua Draha na alijua hakuna haraka. Treni ya mizigo ikapita ikivuta mabehewa ya makaa. Draha akasimama wima pembeni mwa reli, bendera iliyokunjwa ikiwa kwapani, kama alivyosimama tangu mumewe afariki na kumwachia kijumba, bustani, sungura na kivuko cha reli.

"Nini kimetoka?" aliuliza aliporudi, akijifuta grisi mikononi.

"Kitabu! Sheria mpya za mchezo, toleo lililoandikwa upya. Hynek kaambiwa na mgonjwa anayemkanda. Kiko dukani Olomouc tangu Jumatatu. Uchawi wameubadilisha wote, dada. Wote! Na majoka sasa..."

"Vua viatu kwanza. Nimepiga deki."

Zbyněk alivua viatu huku akicheka, akapapasa chini ya benchi, akazipata ndala zake pale pale zilipokuwa siku zote. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na ushei, mnene kidogo, mwenye sauti nzuri iliyompatia kazi ya kupokea simu hospitalini Přerov. Watu waliopiga simu wakilia walinyamaza wakimsikia. Hakuwahi kuona kitu tangu azaliwe.

Kila Jumamosi alasiri, katika chumba cha chama cha wasioona nyuma ya stesheni, yeye na wenzake wawili walikaa mezani wakaenda mahali pasipokuwepo. Zbyněk ndiye aliyekuwa msimulizi. Aliwaambia wenzake wako wapi na kuna nini mbele yao, na kila mmoja alisema mtu wake anafanya nini: anakimbia, anapigana, anambembeleza mlinzi wa lango. Jambo likiwa la bahati, waliamua kwa dadu, na dadu ikishaamua, kitabu kilisema imeamua nini. Kitabu hicho, kwa maandishi ya nukta nundu, hakikuuzwa popote. Kilikuwepo kwa sababu Draha alikinakili.

Alikinakili hapo hapo mezani, kati ya treni na treni, kwa mashine nzito ya vitufe sita iliyotoboa karatasi ngumu kama jalada. Ukurasa mmoja wa kitabu cha wenye macho ulizaa kurasa nne za nukta. Kitabu kizima kilikuwa mafungu mengi, na kila fungu Draha alilifunga kwa kamba za viatu. Mara ya mwisho alimaliza majira yote ya baridi katika kazi hiyo. Hata kamba hazijalegea, mchapishaji akatoa chapa ya pili, na ndani yake robo ya mazimwi yalikuwa yamebadilika nguvu. Draha alikaa na mafungu yake kama mama aliyeambiwa watoto wake wamezaliwa na majina yasiyo yao.

"Basi," alisema Zbyněk sasa, akiuma koláč, andazi la jibini, sukari ikimdondokea kifuani. "Twende lini?"

Draha alijimiminia kahawa. Alitazama dirishani, kwenye hendeli.

"Tusubiri chapa ya pili," alisema.

Zbyněk aliacha kutafuna.

"Umesahau ya mazimwi?" alisema Draha. "Chapa ya kwanza ni ya kupima kina cha maji kwa miguu ya wengine. Waache wanunue, wapige kelele, wachapishaji wasahihishe. Halafu tununue iliyo safi."

"Wenye macho wanasahihisha kwa penseli, yameisha."

"Mimi sina penseli ya nukta, mdogo wangu. Ukiongeza neno moja, mstari unausukuma mstari, ukurasa unausukuma ukurasa. Unaanza upya."

"Kwa hiyo ningoje."

"Miezi michache tu."

"Dada." Zbyněk aliiweka koláč mezani taratibu, kana kwamba ingevunjika. "Tangu nijue kusoma, mimi nasoma vya mwaka juzi. Watu wanacheka kichekesho, mimi kinanifikia kimepoa. Gazeti la asubuhi nasomewa jioni, tena nasomewa kile ambacho msomaji anakipenda. Sasa hata makosa niyangoje yasahihishwe ndiyo niletewe? Mimi nayataka na makosa yake. Nataka siku moja nikosee pamoja na watu wengine."

"Basi kanunue, ukanakili mwenyewe!"

Neno lilishatoka. Zbyněk alisimama, akapapasa hadi mlangoni. Alifunga kamba za viatu polepole, mafundo mawili kila upande, akaenda kungoja treni ya abiria kwenye jukwaa dogo la changarawe. Draha aliteremsha mageti. Treni ilipoondoka, aliyapandisha, na hakuna aliyekuwa amemuaga mwenzake.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia.

Siku chache kabla, mhandisi Zatloukal alikuja kwa gari la kampuni ya reli, akaukataa mvinyo wa zabibu-mwitu aliopewa, akasema kwamba baada ya kiangazi kivuko kitapewa taa na mageti ya umeme. "Mashine haiendi likizo, Bi Vaňková," alisema, lakini hakulisema kwa ubaya. Aliuangalia hata ule mmea wa maua uliopanda ukutani, akausifu. Katika nyumba angeendelea kukaa. Kazi angepewa nyingine: kuosha mabehewa bohari la Přerov, kwa zamu tatu. Huko hapana meza, hapana kimya kati ya treni na treni. Kuna maji ya moto, brashi ndefu na kelele.

Kwa hiyo Draha aliposema "tusubiri", hakuwa akiwaza chapa ya pili. Alijua kwamba chapa ya pili ikija hatakuwa na pa kuinakilia wala muda wa kuinakili. Alikuwa ameshauona mwisho, na kabla ya mwisho huo alitaka kitu kimoja: kiangazi kimoja cha bure. Kukaa kwenye benchi kati ya treni mbili, mikono mapajani, akisikiliza nyuki. Vidole vyake vya kati vilikuwa vimeanza kufa ganzi asubuhi, na hilo nalo hakumwambia mtu.

Akakaa kwenye benchi. Nyuki walikuwepo. Zabibu-mwitu ziliiva, nyekundu, zikakaribia kudondoka. Zbyněk hakuja Jumapili iliyofuata, wala ile nyingine. Na mchana kutwa, kati ya treni na treni, Draha alisikia maneno yale: vya mwaka juzi. Yeye ndiye aliyemsomea mdogo wake tangu utotoni. Ndiye aliyeruka kurasa alizoona zinachosha. Hakujua kama mtoto yule alijua. Kumbe alijua.

Siku ya mapumziko yake alivaa gauni lenye vifungo na kupanda treni ya Olomouc.

Duka lilikuwa katika chumba cha chini, ngazi saba za mawe, na lilinuka karatasi na sigara. Muuzaji, Radovan, alikuwa bonge la mtu mwenye ndevu na fulana yenye picha ya fuvu. Alimwangalia mama huyu mwenye mkoba wa kusokotwa akadhani amepotea.

"Duka la vitambaa ni mlango wa pili, mama."

"Nataka kitabu cha sheria. Hicho kipya."

Radovan akakitoa chini ya kaunta. Kilikuwa kizuri: jalada gumu, joka la kijani limejikunja kwenye kilima. Draha alikifungua katikati, akanusa wino, akapapasa ukurasa kwa kidole gumba, uso wake ukiwa mkali kama wa mtu anayekagua kitambaa cha shuka.

"Ni zawadi?" aliuliza Radovan. "Kwa kweli mimi ni muuzaji, lakini nitakwambia kama mwanao: kama anaweza kungoja, angoje. Hii chapa ya kwanza waliikimbiza. Jedwali la silaha liko mara mbili, la ngao halipo. Watu wanaleta malalamiko hapa utadhani nimeandika mimi."

"Ya pili itatoka lini?"

"Majira ya kuchipua, wanasema." Akakuna ndevu. "Wakiuza hizi. Wasipouza hakuna ya pili. Ni wachapishaji wadogo, mama, watu wanne na mashine ya kukodi. Wote wakiwa na busara ya kungoja, kitu chenyewe kinakufa."

"Na wewe umenunua?"

Radovan alicheka hadi fuvu likatikisika. "Mimi? Siku ya kwanza, saa ya kwanza. Sina akili."

Draha alitoa pochi. Radovan alipotaka kumfungia kwa karatasi ya zawadi yenye nyota, alikataa. "Kitafanyiwa kazi," alisema.

Alianza siku hiyo hiyo. Aliifuta mashine vumbi, akaipaka tone la mafuta ya cherehani, akakiegemeza kitabu kwenye chombo cha sukari. Tak. Tak-tak. Kengele ya stesheni ililia, akanyanyuka katikati ya neno, akashusha mageti, akasimama na bendera, akayapandisha, akarudi kumalizia neno. Uchawi wa moto aliunakili wakati wa treni za wavunaji. Uchawi wa maji, wiki zile za mvua wakati mfereji ulipofurika na vyura wakaingia hadi jikoni. Jioni aliloweka vidole katika maji ya maua ya chamomile. Alinakili jedwali la silaha mara mbili, kwa kuwa lilikuwa hapo mara mbili, na alitukana mara mbili.

Hakumwambia Zbyněk. Alimpigia simu hospitalini mara moja, akasikia ile sauti: "Hospitali, nikuunganishe na nani?"

"Ni mimi. Unakula?"

"Nakula."

"Haya."

"Haya, dada."

Kazi ilipokaribia ukingoni, alifika kwenye jedwali la kuanguka. Kitabu kilieleza mtu akidondoka kutoka juu ya kiti, ya paa, ya mnara, kinampata nini. Draha alipiga safu ya kwanza, ya pili, akasimama. Alama ya kutoa haikuwepo. Mahali ambapo mtu alipaswa kupunguziwa uhai, kitabu kilimwongezea. Aliyedondoka kitini alipata nafuu ndogo. Aliyedondoka mnarani aliinuka na afya ya farasi.

Hakuhitaji kuwa mchezaji kujua kwamba hilo ni kosa. Na kulirekebisha kulikuwa rahisi: nukta nundu mbili tu kabla ya kila namba, na ukurasa ulikuwa bado haujajaa. Vidole vyake vilishakaa juu ya vitufe. Nje, trekta lilipita, mageti yakiwa juu. Alikumbuka kurasa zile za utotoni alizoziruka kwa nia njema.

Aliondoa vidole, akapiga jedwali kama lilivyo.

Mafundi walikuja mwishoni mwa Septemba. Wakachimba, wakasimika nguzo, wakang'oa hendeli na kuiweka kwenye nyasi pamoja na waya zake. Siku hiyo hiyo Zbyněk alishuka kutoka treni ya abiria, kwa kuwa Draha alikuwa amempigia simu tena akamwambia aje na mkoba wa mgongoni, mkubwa. Alifika nusu ya njia kutoka jukwaani, kengele mpya ya umeme ikaanza kulia kwa majaribio. Akasimama, kichwa kimeinama upande.

"Hiyo ni nini?"

"Kengele."

"Kengele naisikia. Ya nini?"

Akamwambia. Alimwambia yote palepale kwenye changarawe, mabehewa na zamu tatu, na vidole pia, huku fundi akipiga kelele kwa mwenzake ajaribu tena. Zbyněk alisikiliza kama anavyosikiliza kazini, bila kukatiza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kukitaka kitabu."

Zbyněk aligongagonga changarawe kwa fimbo.

"Na niliposema tusubiri," alisema Draha, "maana yangu ilikuwa basi, sinakili tena."

"Nilijua ni basi. Sikujua kwa nini. Nilidhani umenichoka."

"Nilikuwa nimekuchoka pia," alisema Draha, na Zbyněk akaangua kicheko, na baada ya muda yeye naye.

Ndani, aliichukua mikono ya mdogo wake na kuiweka juu ya mafungu yaliyorundikwa mezani. Zbyněk alipapasa rundo kutoka juu hadi chini, akafika kwenye mbao za meza, akarudi juu kuhakikisha. Akafungua fungu la kwanza. Kidole chake kilikimbia kwenye mstari, midomo ikacheza.

"Chapa ya kwanza," alisoma.

"Kila kitu kilichomo," alisema Draha.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba Draha hakuwa na kazi. Bohari lilimtaka Jumatatu. Kwa hiyo alikwenda. Miaka yote ile hakuwahi kuwaona wakicheza, kwa sababu siku za Jumamosi treni zilikuwa nyingi. Alibeba sinia la maandazi ya koláče na kukaa pembeni karibu na radiata, mkoba magotini, kama mtu aliye kwa daktari wa meno.

Walikuwa watatu. Hynek, mkandaji wa hospitali mwenye mikono kama makasia, alikuwa shujaa wa shoka. Květa, mjane aliyestaafu kazi ya kutengeneza brashi, mdogo, mwembamba, mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata ndani, alikuwa mwizi wa kike asiyemcha mtu. Zbyněk alikuwa kila kitu kingine: upepo, walinzi, mbwa, bibi wa jumba aliyekuwa na pete. Sauti yake ilijaza chumba. Draha, aliyenakili kila neno la sheria zile, hakuwa amejua kwamba zilikuwa za jambo kama hili.

"Uko juu ya mnara," Zbyněk alimwambia Květa. "Nyuma yako mlango unavunjwa. Mbele yako hakuna kitu, hewa tupu, na chini kabisa ua wa mawe. Una damu kidogo sana mwilini, mama. Pigo moja umekwisha."

"Hynek yuko wapi?"

"Niko jikoni," alisema Hynek. "Nilisema tangu mwanzo tusipande."

"Ulikuwa unakula, we mlafi. Basi naruka."

"Utakufa, Květa."

"Bora nife kwa hiari. Soma jedwali."

Zbyněk alitafuta fungu, akalifungua, kidole kikatembea. Kikasimama. Kikarudi mwanzo wa mstari, kikatembea tena, polepole. Draha alihisi masikio yake yakipata moto.

"Dada," alisema Zbyněk bila kugeuka. "Hapa umekosea?"

"Sijakosea. Ndivyo kilivyo kitabuni."

"Ndivyo kilivyo?"

"Nilitaka kulirekebisha. Nikaacha."

Kisha Zbyněk akawasomea wenzake, kwa sauti ya msajili wa mahakama: mwizi akianguka kutoka mnarani, uhai wake huongezeka kwa dadu sita. Hynek ndiye aliyeanza. Alicheka akapiga meza, vikombe vikaruka. Květa alidai ahakikishe mwenyewe, akaivuta karatasi, akapitisha vidole vyake vikavu juu ya safu, akapiga ukelele kama msichana.

"Naruka!" alisema. "Nikifika chini napanda ngazi, naruka tena!"

"Olomouc yote hivi sasa wanaruka minarani," alisema Hynek. "Brno pia. Nchi nzima iko hewani."

"Leo ni sheria," alisema Zbyněk, akipangusa machozi. "Chapa ya pili ikija, tutakufa kama watu. Leo ruka, mama."

Květa aliruka. Walinzi, kwa sauti ya Zbyněk, walichungulia kutoka juu ya mnara wakamwona mwizi akijikung'uta vumbi na kuwapungia mkono.

Baadaye, koláče zilipokwisha, Květa alisema kwamba genge lao halina mtu wa kushika zamu, na kwamba yule aliye karibu na radiata anapumua tu bure. Draha alisema hajui kucheza. Hynek alisema hakuna anayejua, ndiyo maana kuna kitabu. Alisogezewa kiti. Zbyněk alimuuliza mtu wake anaitwa nani, na Draha, aliyekuwa na majibu ya watu wote isipokuwa la hilo, aliwaza kwa muda mrefu kisha akasema jina la sungura wake.

"Umesimama mbele ya mlango wa shaba," alisema mdogo wake. "Nyuma yake kuna kitu kinapumua. Unafanya nini?"

"Nabisha hodi," alisema Draha.

Wenzake walipenda sana hilo. Wakampa dadu.

Dirishani mchana ulikuwa umeondoka zamani. Meza ilikuwa imezama gizani, nyuso zimezama, na hakuna aliyefikiria taa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiihitaji. Swichi ilikuwa karibu na mlango, Draha alijua. Alirusha dadu, akaisikia ikibingirika, ikagonga kikombe, ikatulia. Miaka yote hiyo nukta alikuwa amezisoma kwa macho, kwa vivuli vyake chini ya taa ya meza. Kwa ncha ya kidole hakuwahi hata mara moja. Aliunyosha mkono gizani, akaipata ile dadu baridi yenye nukta zilizoinuka, akaweka kidole juu yake, kile cha kati, chenye ganzi.

"Umepata ngapi?" aliuliza Zbyněk.

Ilikuwa tano. Au sita. Akainamisha kichwa upande, akapapasa tena.